Gauni Halijaisha

Alhamisi ya kwanza alikaa ukingoni mwa kiti,
mkoba mapajani, kama aliyekuja kumwona mtu mwingine.
Chumba changu zamani kilikuwa stoo ya vyandarua,
harufu ya dawa bado imeganda ukutani.
Aliuliza jambo moja: "Huo mlango unafungwa?"
Nikaufunga.
"Kwa ufunguo?"

Hakusema kingine, nami sikumchokonoa.
Nje, Newala yote ilikuwa ndani ya ukungu wa Juni
na upepo ulitembeza salfa kutoka mikoroshoni.

Alhamisi ya pili alinipa jina la mtoto.
Jina tu. Sharifa, wa siku tisa.
Nikaliandika kwa penseli. Akautazama mkono wangu,
akaniambia nitumie wino.

Simu ya kwao ni moja, anaishika wifi,
na maneno ya wifi hufika Kitangari kabla ya basi.
Tukakubaliana: nikipiga, mimi ni fundi cherehani.
"Ukitaja gauni, nitajua."
Akacheka, kwa pua, haraka,
kama aliyeiba.

Alhamisi ya tatu kiti kilikaa peke yake.

Nina faili moja kwenye droo ya chini.
Chilumba, wa Mnyambe. Alikuja mara mbili.
Nikajisemea, ana njia ndefu, ana mikorosho ya kupulizia,
akitaka atarudi, mlango anaujua.
Sikupiga.
Tarehe yake ya tatu bado ipo pale,
na mbele yake pako peupe.

Basi nikapiga. Wifi akapokea.
"Mwambie Somoe gauni halijaisha,
umebaki mkono mmoja, aje nimpime."
"Gauni gani? Somoe hela ya gauni kaitoa wapi?"
"Nimeshalipwa," nikasema.
Na hapo sikudanganya.

Jumatatu nikapiga tena. Gauni.
Alhamisi, saa nne, kama nilivyoahidi. Gauni.
Wifi akaguna: "We fundi, una njaa wewe!"
Mganga mfawidhi akaniuliza vocha naitoa wapi.

Wiki ya tano ukungu ulichelewa kunyanyuka.
Nikasikia kandambili koridoni. Zikasimama.
Zikarudi nyuma hatua mbili.
Nikashika kiti kwa mikono yote, nisiinuke.
Zikaja.

"Wifi amechoka na simu zako," alisema.
"Kaniambia, nenda kamalize hilo gauni."
Akaufunga mlango mwenyewe.
Akatoa mkobani kipande cha kitambaa,
cha buluu, kina vifaranga vya njano,
hakijakatwa, hakijafuliwa hata mara moja.
Akakilaza mezani, akakinyoosha kwa kiganja,
akakinyoosha,
akakinyoosha.
"Tulifika wapi?"

Mimi sijui kushona hata kifungo.
Nikafungua daftari, nikamgeuzia:
jina moja, kwa wino,
na chini yake mistari mitupu, mingi.