Pumzi ya Inchi Mbili na Nusu

Supachaja niliifunga mwaka jana,
pesa za karafuu za misimu miwili,
kigari kikawa kinavuta hewa
kama mzamia pweza anayeibuka,
kisha hakina pa kuitolea.

"Umekipa kifua," alisema Fundi Mjaka wa Machomane,
"ukakiachia pua ya mtoto mwenye mafua."

Akajilaza chini ya gari, kofia kifuani,
akalikata ekzosi la zamani: kutu, masizi,
njia yake nyembamba kama mrija wa soda.
Bomba jipya lilishuka Mkoani na boti,
inchi mbili na nusu,
limeviringishwa kanga kuukuu ya dada yangu.

Alichomea mpaka alasiri. Cheche ziliangukia makumbi,
kijana wake akizizima kwa kandambili.

Nikawasha.
Kuku wa Bi Mize wakapanda ukuta.
Bi Mize mwenyewe akatoka, upawa mkononi.
Hakusema neno. Upawa ulisema.

Nikamtazama fundi, nikingoja sifa.
Nilisahau: Mjaka hasikii.
Miaka thelathini ya nyundo na bati
imemziba masikio yote mawili.
Aliinama, akatega kiganja nyuma ya bomba
kama anayempima mtoto homa,
akanionesha kwa kidole: kanyaga.
Achia.
Kanyaga.

"Sasa kinapumua," akasema, kwa sauti
iliyolishinda bomba.
Halafu akafukua kwenye rundo la vyuma,
akatoka na sailensa ndogo, akaipuliza vumbi.

"Na hii ya Bi Mize.
Wenye masikio nao wana haki yao."