Ushuhuda wa Jumanne

Kila Alhamisi, zamu yangu ikifika,
nasimama kati ya benchi la pili na la tatu,
naweka mkono kifuani:
"Bwana asifiwe. Tarehe nane Agosti, themanini na tisa,
saa kumi jioni, uwanja wa Mbale,
mvua inanyunya, nami nina kiatu kimoja..."
Hapo wanacheka. Huwa nawaachia nafasi wacheke.

Na ilikuwa kweli, sikatai.
Kiatu cha pili kilimezwa na tope,
nikarudi Chavakali kwa miguu
nikiimba hadi mbwa wakanyamaza.

Juzi nilimkuta mjukuu wangu Vugutsa nyuma ya jiko,
amekusanya watoto wa jirani na kuku watatu,
mkono kifuani, kichwa upande:
"Bwana asifiwe. Tarehe nane Agosti..."
Hakukosea neno.
Hata kikohozi changu alikiweka mahali pake.
Kwenye kiatu, watoto wakacheka.

Sikumchapa. Ningemchapa kwa kosa gani?
Nikabeba mtungi, nikateremka chemchemini.

Zamani bomba lile lilimwaga maji mazito kama mkono wa mtu.
Sasa ni uzi.
Chini yake dimbwi limevaa ukoga,
viluwiluwi wanazunguka wasijue pa kwenda,
na juu yake, wamenyooka, wamenona,
mikaratusi yangu saba.

Truphosa, mke wa shemeji, aliniambia mapema:
"Miti yako inakunywa maji ya watu."
Nilimjibu kwa Maandiko.
Miaka sita tumepishana njiani,
kila mmoja akikagua vidole vyake vya miguu,
na kila Alhamisi mimi nasimulia tope la Mbale.

Jumanne alfajiri nilimwita Lidodi na msumeno wake.
Mti wa nne ulipoanguka nilikwenda kwa Truphosa.
Maneno niliyoyapanga yalinikimbia yote,
nikabaki na moja: "Nimekosa."
Aliendelea kuchambua mrenda.
"Umechelewa," akasema.
Kisha akaingia ndani, akatoka na majembe mawili.

Tulizoa matope hadi jua likatuchoma kisogo.
Hatukuimba. Tuliongea kidogo, habari za mgongo.

Alhamisi nikasimama.
"Bwana asifiwe," nikasema, "Jumanne..."
Vugutsa alikuwa ameshafungua mdomo anisindikize;
akaufunga.
Mchungaji akainua kichwa kutoka kwenye saa yake.
Sikujua sentensi inayofuata,
na magoti yangu yakatetemeka
kama ya mtu aliyeokoka saa kumi jioni, leo.

Hakuna aliyecheka.

Maji bado ni uzi, ila uzi umenenepa kidogo.
Na visiki vimeanza kuchipua, majani laini, ya kupendeza.
Lidodi aliniambia: mkaratusi haufi kwa kukatwa mara moja.
Nimeliegemeza panga mlangoni,
upande wa ndani,
niligonge kila nikiamka.