Vifuniko

Ijumaa jioni lori la mnunuzi halikuja.
Simu yake iliita, ikaita, kisha ikazimwa,
na kreti kumi na moja za zabibu zikabaki barazani
kama wageni waliokosa wa kuwakaribisha.
Nyuki walishapata habari.

Mama Sechelela hakulia wala hakutukana.
Alifunga kanga ya pili kiunoni, akasema,
"Leteni sufuria ya msiba."
Ile kubwa, ya kupikia wali wa watu mia,
yenye jina la ukoo limekwaruzwa kwa msumari ubavuni.

Jumamosi alfajiri, Mpunguzi, baridi ya Agosti,
upepo unatupa vumbi kwenye kila kitu kisichofunikwa.
Wendo anachambua. Nyemo anakula anachochambua,
anakana, na mdomo wa zambarau unamsuta.
Chilongani kashuka basi la usiku kutoka Tabora
na sukari kilo kumi na mbili na maoni mengi:
kule kiwandani kwao joto linapimwa kwa mashine.
Mama anapima kwa kisahani.
Anadondosha tone, analisukuma kwa kidole,
likikunja uso kama mtoto aliyenyimwa,
jamu imeiva.

Chupa tulizikusanya mwaka mzima,
za asali, za karanga za kusaga, za achari ya Mama Mchungaji
(za dawa ya kikohozi zilikataliwa).
Arobaini na mbili, zimechemshwa, zimepangwa mezani,
midomo juu kama makinda.
Ndipo mtu akauliza,
"Vifuniko je?"

Kila mmoja akapata kazi ya ghafla.

Maana ndoo ya vifuniko aliondoka nayo shangazi Mwaja
mwaka ule serikali ilipohamia kwetu kabisa
na kila tuta la karanga likawa kiwanja,
vigingi vya zege vikaota katikati ya mizabibu,
na watu wa tumbo moja wakawa wanasalimiana
kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji.
Vifuniko hakuvihitaji.
Alitaka tu kuwe na kitu tukikose.

Mama alifuta mikono, akapiga mwenyewe.
Hakuuliza habari za huko, wala za miaka mitatu.
"Mwaja, jamu inachemka."
Akakata.

Saa tano bodaboda ikaingia uani,
shangazi nyuma, ndoo mapajani, kope nyekundu kwa vumbi.
Alipita katikati yetu kama aliyetoka chooni tu,
akainamia sufuria, akanusa.
"Ndimu hamjaweka."
Na kweli hatukuwa tumeweka.

Mchana harufu ikaita wasioitwa:
shemeji wawili, fundi wa pampu, nusu ya kwaya.
Tukasonga ugali wa uwele, mbuzi akawa mdogo ghafla,
mlenda ukaongezwa karanga mara mbili.
Mlenda hauna adabu, ukivuta tonge
uzi unakufuata mpaka kwenye goti la jirani.
Chilongani akakohoa, akaanza, "Kuhusu lile eneo la..."
Shangazi akampa mwiko.
"Koroga. Inashika chini."
Akakoroga mpaka saa kumi.

Usiku chupa zilipoanza kupoa
vifuniko vikanywea kimoja kimoja.
Tik.
Kimya. Mbwa wa mbali. Tik.
Wale wawili walilala mkeka mmoja, gizani, wakihesabu,
wakigombana kama ni thelathini au thelathini na moja.
Zikafika arobaini na moja.
Tukasubiri.

"Kifuniko ni chako," akasema mama.
"Chupa ni yako," akasema shangazi.
Halafu kicheko, kile cha kuziba mdomo kwa shuka,
ambacho sikujua kwamba mama anacho.

Hiyo moja tuliimaliza Jumapili baada ya ibada,
kwa chapati, wengine kwa vidole.
Jioni shangazi alipanda bodaboda na chupa sita.
Ndoo aliisahau.
Ndivyo tulivyokubaliana kusema:
aliisahau.