Beseni la Buluu

Mimi ndiye niliyelikata jina lake,
Perpetua Semhando,
kwenye orodha ya wazee wa kanisa, pale Magila.
Hajui kusoma, nilisema, na kalamu ikapita.
Kikao kikacheka kidogo. Tukanywa chai.

Miezi sita baadaye, Bombo, wodi ya wanaume:
upande wangu wa kushoto umekufa ganzi,
mwanangu yuko Dodoma, nakuja baba, nakuja,
na shuka limelowa tangu alfajiri.

Akaingia na beseni la buluu,
kipande cha sabuni, khanga ya Umoja wa Akina Mama begani.
Hakuuliza nesi yuko wapi.
Akapiga magoti, akaanza na miguu,
hii miguu iliyozoea kiti cha mbele.

Nilitaka kusema. Ulimi ukagoma,
nusu kiharusi, nusu aibu.
Ile orodha, nikaanza, jina lako...

"Jina langu lina nini?
Egemea huku, Mzee Kilua, nikupanguse mgongo.
Maji yanapoa,
na yule wa dirishani
hajapata mtu tangu jana."