Kilele Kimoja, Isyonje

Julai, Isyonje. Ukungu umeshuka
hadi kwenye vitasa vya milango.
Mama anamenya viazi kwa kisu kisicho na mpini,
mimi nina kompyuta mapajani, nimeifunika nusu kwa kitenge
umande usiingie kwenye vibonye.
Kwenye kioo: vijilima vya kelele, vijilima vya kelele,
halafu kilele kimoja, chembamba,
kimesimama kama mlingoti wa shule wakati wa likizo.

"Hicho ndicho umekuja nacho toka Dar?"

Ndicho. Ni haidrojeni, Mama.
Elektroni imeteleza ngazi moja,
kutoka ya pili hadi ya chini kabisa,
ikadondosha chembe ya mwanga. Basi.
Kama unavyodondosha hilo ganda.

Hakucheka. Akauliza rangi.

Ilipozaliwa ilikuwa ng'ambo ya urujuani,
rangi ambayo hata nyuki wa kwenye pareto hawaijui.
Njiani anga likatanuka, likaivuta,
ikarefuka mara kumi,
kama lile sweta langu la kidato cha kwanza
ulilolianika linachuruzika maji, mikono ikanifika magotini.
Sasa iko ng'ambo ya pili, chini ya wekundu.
Macho hayaipati.

Na zamani hizo, Mama, ulimwengu wote ulikuwa Isyonje.
Ukungu wa haidrojeni, baridi, kila upande.
Mwanga ukitoka tu unadakwa na atomu jirani,
unaachiwa, unatupwa kwingine, unadakwa tena,
ugonile huku, ugonile kule,
huwezi kupita mlango wa mtu bila kusimama.
Mwingi ulipotelea humo.
Huu ulipona kwa kuwa nyota changa
ziliuchoma ukungu kuzunguka kwao, pakawa na uwazi,
na mwanga ukakimbia ndani ya uwazi ule, ukichuja rangi kidogokidogo,
hata ulipoufikia ukungu tena
ukungu haukuutambua.
Ukaupisha.

Mama akaweka kisu chini.
"Subiri."

Barabarani, upande wa Kiwira,
weupe ulikuwa umeingia umanjano. Si taa.
Umanjano tu, usio na mahali,
kama chai iliyomwagika kwenye shuka.
"Ambilikile huyo. Taa ya kushoto imekufa.
Amejaza ndizi, anapanda kwa gia ya kwanza."

Mimi, mwenye shahada mbili, sikuona hata gari.

Dakika ishirini baadaye Fuso ikasimama mlangoni,
jicho moja, ndizi hadi juu ya kichwa cha dereva.
Sikumuuliza Mama amejuaje.
Mwaka ule breki zilipokatika pale kwenye kona
alikaa kwenye kigoda hiki hiki hadi alfajiri
akiusoma ukungu, na ukungu hauna maandishi.

"Na hao wa huko," akasema,
akigusa kilele changu kwa ncha ya kisu,
akaacha alama ya wanga kwenye kioo,
"bado wapo?"

Sijui, Mama.
Mwanga uliondoka miaka bilioni kumi na tatu iliyopita na ushei.
Pengine nyota zile zimezimika. Pengine ni kitu kingine sasa,
kikubwa, kisichojikumbuka.

Akanyamaza. Maji yalikuwa yanachemka.
Akaongeza viazi viwili sufuriani,
hakusema vya nani.

Ambilikile alivila vyote, akilalamikia klachi.
Mimi sikuifuta ile alama kwenye kioo.