Hisa Mia Nne

Nina hisa mia nne za kiwanda cha saruji,
na nina nyumba Mabokweni isiyofika lenta.
Kwa hiyo mimi ni watu wawili.

Mwezi wa Rajabu mfuko ulipanda elfu mbili na mia tano.
Mwenye hisa ndani yangu akapiga kigelegele.
Mwenye nyumba akaketi juu ya tofali, akauliza:
unashangilia nini, mwehu wewe,
nawe ndiye unayekamuliwa?

Baba yangu alikuwa karani wa mizani, Ngomeni.
Alipima katani robota kwa robota,
na bei aliisikia redioni kama mtu asikiavyo msiba:
kwanza jina la mji wa mbali, kisha tarakimu.
Siku ng'ambo walipoipenda kamba ya nailoni
hakuna aliyekuja Ngomeni kutuambia.
Tuliona tu magugu yakiimeza reli ya troli.
Baba akafa na kalamu mbili mfukoni,
akiamini kosa lilikuwa la mizani.

Mimi sikutaka kufa sijui.
Kiinua mgongo changu, miaka thelathini na moja ya chaki,
nikakikata: nusu ardhini, nusu kwenye karatasi.
Kijana Shebughe, dalali, ofisi juu ya duka la vipuri Ngamiani,
akanifundisha kusoma kioo chake,
kijani na nyekundu,
nami nikajifunza jiografia upya:
neno likidondoka Dodoma, hapa Tanga lavunja sahani.

Ukaja mwaka wa uchaguzi.
Wiki nzima bei haikutikisika, si juu si chini.
"Wakubwa wanangoja," akasema Shebughe.
Wakubwa gani?
"Wenye fedha za nje, Mwalimu."
Nikacheka peke yangu ngazini.
Kumbe nao hungoja,
ila wao hungojea mbali na foleni,
na kidole chao hakipakwi wino.

Kisha vita, nchi ambayo sikuwahi kuifundisha ramani yake.
Meli zikazunguka bara zima kukwepa mkondo mmoja,
makaa ya mawe yakapanda, tanuri la kiwanda likala faida,
na kioo kikawa chekundu kama macho ya mgonjwa.
Saa moja asubuhi simu: "Mwalimu, uza. Wenzako wote wanauza."
Nikamuuliza swali la darasa la tatu:
wote wakiuza, nani ananunua?
Akanyamaza. Nikasikia pikipiki zikipita dirishani kwake.
Maana hofu yangu ina mnunuzi, Shebughe.
Ana jina, ana sanduku la barua,
na anajua kitu ambacho mimi na wewe hatujaambiwa.

Sikuuza. Si ushujaa.
Niliona haya mbele ya zile kalamu mbili.

Gawio likaja: mia mbili na themanini kwa hisa.
Zidisha mwenyewe.
Nikaenda dukani, nikanunua mifuko ya kiwanda changu,
elfu kumi na nane na mia tano kila mmoja,
bei ileile iliyonipa gawio.
Mifuko sita. Chenji elfu moja.
Nikala muhogo wa kukaanga, nimesimama,
mwenye hisa na mwenye nyumba sahani moja,
hakuna aliyemsemesha mwenziwe.

Fundi Mndolwa akauliza: lenta lini, Mwalimu?
Nikamwambia, ngoja kwanza bajeti isomwe.
Akacheka sana,
akaifunika mifuko kwa turubai.