Kesho Mkopo

Kibao nilikiandika mwenyewe, kwa rangi iliyosalia
baada ya kupaka mlango, mwaka niliofungua duka
hapa Mukuru kwa Njenga:
LEO PESA, KESHO MKOPO.
Wateja walicheka. Ni mzaha wa kila duka,
njia ya kumfungia mtu mlango huku unatabasamu.

Sikujua kwamba Nafuna wa chumba nambari tisa
ana mtoto atakayejifunza kusoma.

Mimi njaa naijua kwa vipimo.
Tarehe mbili, mshahara ungali na joto,
watu husema paketi: paketi ya unga, paketi ya maziwa.
Tarehe kumi husema nusu.
Ikifika ishirini ni mafuta ya kumi, sukari ya kumi,
majani ya tano, nami nayafunga
kwa karatasi za daftari la mtoto aliyeacha shule,
hesabu zake zote zimetiwa alama ya sahihi.
Baada ya hapo hawasemi kitu.
Hupita upande ule mwingine wa mtaro
wakitazama simu zisizo na chaji.

Baba Mwendwa huondoka alfajiri
kwenda kusimama langoni pa kiwanda cha mabati.
Husimama mia, huitwa kumi.
Nikimwona amerudi saa tatu asubuhi, siulizi.
Huomba maji, akayanywa polepole
kama mtu anayetafuna.

Kwamboka anauza mgongo wazi pale kona,
samaki ambaye minofu yake ilipanda ndege
akatuachia mifupa na macho.
Siku hizi, asema, kuna wanaouliza bei ya kichwa peke yake.

Na Nafuna huwafulia watu nguo South B.
Wiki ile mvua ilinyesha siku tano.
Nguo hazikufuliwa.
Tumbo halina habari ya mvua.

Jumatatu akaja Nangila wake, miaka saba, mikono mitupu,
akasimama mbele ya wavu, akasoma kwa kidole:
le-o pe-sa, ke-sho m-ko-po.
"Sawa," akasema, akaenda zake.

Jumanne, kabla sijafungua dirisha, yuko pale.
"Jana uliandika kesho. Nimekuja."

Nilicheka. Kisha nikatafuta pa kukiweka kile kicheko,
sikupapata.
Nikamweleza kuwa kesho ya dukani ni neno la biashara tu,
kwamba leo nayo ni leo.
Alinitazama kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi mzito.
"Jumatatu ikiisha ni Jumanne," akasema.

Alitaka yai. Moja. Lililochemshwa.
Na nilikate mimi, kwa uzi, vipande vinne,
maana nyumbani kisu huleta ugomvi
na mama hapendi mayai.
(Mama huyo hapendi nyama pia,
wala maziwa, wala chapati.
Sijaona mtu anayechagua chakula namna ile.)

Nikakata. Miaka kumi na mitatu nyuma ya mizani,
na bado kipande kimoja kikatoka kidogo.
"Hicho changu," akasema.

Nikaandika daftarini: Nangila, yai moja.
Kwa penseli. Muuza jumla naye ana daftari lake,
na humo jina langu limeandikwa kwa wino.

Usiku nilipanda kwenye kreti nikishushe kibao.
Kwanza nikahesabu mayai: ishirini na saba.
Nikahesabu vyumba vya ploti: thelathini na viwili.
Nikashuka. Kibao nikakiacha.

Jumatano walikuja wanne, wamejipanga kwa urefu.
Yule wa mwisho hajui kusoma.
Dada yake alikuwa amemwinua hadi kwenye kibao,
amemshika kidole,
anamwonyesha ke iko wapi,
na sho iko wapi.